Siku Bwana Mashavu Alipotolewa Harusini

Librada Cisneros alizaliwa njiani, mama yake akiwa ameegemea jiwe. Mama huyo alikuwa akimpelekea mumewe tortilla za mchana shambani, uchungu ukamshika pale mpakani, akaketi chini, akalikumbatia jiwe la San Rafael kama mtu anayemng'ang'ania mkunga, na kabla tortilla hazijapoa mtoto alikuwa keshatoka. Wasimulizi wa kwetu wanadai mtoto yule hakulia, alicheka. Mimi sikuwepo. Lakini nimeishi na Librada maisha yangu yote, nyumba kwa nyumba, na nasema inawezekana kabisa.

Jiwe lenyewe lilikuwa alama ya mpaka wa shamba kubwa la zamani, la rangi ya waridi, urefu wake unamfika mtu mzima kiunoni. Fundi aliyelichonga alilitia kichwani uso wa malaika, chini ya kidevu akaweka mabawa mawili yaliyokunjwa, na chini ya mabawa herufi za bwana mwenye shamba pamoja na mwaka ambao mvua zilishaula nusu. Ila malaika huyo alichongwa na mashavu manono, mithili ya mtu aliyejaza donge la tamali mdomoni na bado anataka kuongea. Kwa hiyo tangu enzi za babu zetu hakuna aliyemwita malaika. Tulimwita Bwana Mashavu.

Upande wake wa magharibi ndiko lilikokuwa shamba la bwana na vibarua wake. Upande wa mashariki ni kijiji chetu, El Capulín, ambacho hakikuwahi kuwa mali ya mtu. Mabwana waliondoka zamani, mapinduzi yakaja, ardhi ikagawanywa, vibarua wakawa wakulima wenye kijiji chao, San Rafael. Lakini Mashavu alibaki palepale, na matusi nayo yakabaki palepale. Sisi tuliwaita wao mikia ya ng'ombe wa bwana. Wao walituita wezi wa mahindi. Ukikutana na mtu wa San Rafael sokoni, kwanza unamsalimia na kumuulizia wazazi, halafu unamtukana. Ndiyo ilikuwa adabu.

Basi mtoto aliyezaliwa mpakani ni wa nani? Watu wa San Rafael walisema kichwa kilitokea upande wao. Wetu wakajibu kwamba mtu hutembea kwa miguu, na miguu ilikuwa Capulín. Shangazi yake wa San Rafael akamchukua kimyakimya akambatizisha kwa padri wa kule. Padri wetu aliposikia alikasirika, akambatiza tena, "ili ishike." Librada mwenyewe alipokua alikuwa akisema, "Ndiyo maana shetani hanipati. Kila akija ananikuta nimelowa."

Mimi naitwa Socorro. Librada ndiye aliyemshika mwanangu wa kwanza kwenye ubatizo, na tangu siku hiyo hatuitani majina tena, tunaitana komadre.

Kicheko chake kilikuwa kama maradhi. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi, na mwisho kikamnyang'anya nguvu za miguu, ikabidi akae popote alipo. Alifukuzwa kwaya kwa sababu hiyo. Aliwahi kukaa chini katikati ya maandamano ya Mtakatifu Isidro, sanamu ikamsubiri. Aliolewa na Herminio, mfyatua matofali, mwanamume mpole asiyesema sana, akamzalia mabinti wawili, na Herminio alipofariki Librada alilia mwaka mzima bila kujificha. Halafu akafuta uso, akanunua mbuzi, akaazima sufuria kubwa kuliko beseni la kuogea, akaanza kupika mole kwa ajili ya sherehe za watu. Mchuzi wake ulikuwa mweusi, mzito, pilipili na kakao vimeshikana mikono. Mabinti waliolewa mbali. Yeye akabaki na mbuzi, sufuria, na vita vyake na Ponciano Tejeda.

Don Ponciano alikuwa mjane wa San Rafael, mrefu, mwenye masharubu ya kujivunia, mpiga tuba wa bendi ya kijiji chao, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu kama chatu. Shamba lake la maharage lilianzia pale pale kwa Mashavu. Na mbuzi wa Librada, nawaapia, walikuwa hawajui kusoma mipaka.

"Librada! Mbuzi wako yumo kwenye maharage yangu tena!"

"Muulize mwenyewe, si ana mdomo?"

"Kaujaza, hawezi kunijibu!"

"Basi msubiri amalize kutafuna. Kwani kwenu hamfundishwi adabu ya mezani, mkia wa ng'ombe wewe?"

"Mwizi wa mahindi!"

"Maharage, Ponciano! Leo ni maharage! Ukitukana, tukana kwa usahihi!"

Hivyo miaka na miaka. Mimi nilikuwa naanua nguo zangu polepole ili nisikose neno.

Kisha akaja Señor Leandro Urrutia kutoka mjini. Alinunua jumba bovu la shamba la zamani, akalipaka chokaa, akachimba bwawa la kuogelea, akaligeuza hoteli ya harusi za watu wa mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miwani mizuri, aliongea kwa upole, na kila alichokiona kizuri alidhani kimewekwa pale kwa ajili yake.

Asubuhi moja Librada alipeleka mbuzi mpakani akakuta shimo. Mashavu hayupo. Alisimama pale mdomo wazi, halafu akavuka mpaka mbio, fimbo mkononi, hadi mlangoni kwa Ponciano.

"Mmempeleka wapi?"

"Nani?" Ponciano alitoka na sabuni shavuni, alikuwa ananyoa.

"Mashavu! Mmemng'oa ili mlipanue shamba lenu, mikia ya ng'ombe nyie!"

"Sisi? Sisi ndio tungeng'oa? Mmemng'oa nyinyi ili mbuzi wako wasiwe na kosa!"

Kufikia saa nne watu wa vijiji vyote viwili walikuwa wamekusanyika kwenye lile shimo, wameshika majembe, na si kwa ajili ya kulima. Mimi nilikuwa na mwiko. Pengine tungeumizana kweli, kama Librada asingeteleza. Aliteleza kwenye tope, akaanguka kifudifudi, na alipoinua uso akaona alama za matairi mapana, za gari ambalo hakuna mtu wa Capulín wala wa San Rafael aliyewahi kuwa nalo.

"Komadre," aliniambia akiwa bado kwenye tope, "mwizi wetu ana lori."

Tulizifuata zile alama umati mzima, maadui bega kwa bega, mpaka kwenye uzio wa hoteli. Tukachungulia. Bwana Mashavu alikuwa amesimama kando ya bwawa la kuogelea, anameremeta kwa kusuguliwa, na juu ya kichwa chake wamemtwisha chungu cha maua.

Librada alicheka mpaka akakaa. Alishika uzio, akacheka, akatupungia mkono tusimtazame. Na kicheko kilipokwisha, nilimwona uso wake ukibadilika.

"Wamemfanya mchukuzi," alisema. "Mama yangu alimshika yule, leo amebeba maua."

Tuliingia kuomba kwa heshima, Librada, Ponciano na mimi. Señor Urrutia alitukaribisha kwa maji mekundu ya maua ya jamaika yenye barafu, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mama yangu," alisema, "jiwe hili ni la shamba la San Rafael. Na shamba la San Rafael nimelinunua mimi."

"Umenunua jumba, señor. Na jiwe linaonyesha mali inaishia wapi," Librada alisema. "Sasa umelileta kwenye bwawa. Kwa hiyo mali yako inaishia kwenye bwawa? Hayo maua kule mbele ni ya nani? Tuanze kuyachuma?"

Ponciano alikohoa kwenye glasi yake, barafu ikamrukia kwenye masharubu. Señor Urrutia naye alicheka, kwa moyo mweupe kabisa, akasema Librada ni mcheshi, na je, ni kweli kwamba ndiye mpishi wa mole anayesifiwa? Mwezi ujao kuna harusi kubwa, bwana harusi anatoka Monterrey. Angependa mama apike. Na bendi ya kijiji ipige, wageni wanapenda vitu vya kienyeji. Kuhusu jiwe, ataliangalia suala hilo, ila wakati wageni wanakuja lazima libaki, linapendeza sana pichani.

Nilidhani Librada atamwagia maji. Badala yake alitabasamu, akasema, "Nitapika, señor. Nitakupikia harusi usiyoisahau."

Tulipotoka nje Ponciano alimtazama kwa hasira. "Umekubali kumpikia?"

"Nimekubali kuingia na toroli la kuni, Ponciano. Na wewe umekubali kuingia na bendi yenye kelele. Hebu fikiri kidogo, au kichwa chako nacho ni cha kuwekea maua?"

Ponciano akasimama katikati ya barabara. Nikaona masharubu yake yanapanda taratibu, kushoto na kulia, kama pazia.

Tangu siku ile, jioni jioni, Ponciano alikuwa anakuja jikoni kwa Librada kupanga mambo. Mtu wa San Rafael, amekaa Capulín, anamenya vitunguu saumu! Watu walipita makusudi kuchungulia dirishani. Walibishana juu ya kila kitu: jiwe watalifunika kwa kitu gani, watapita mlango gani, nani atasukuma. Ni Librada aliyelipata wazo, siku alipomwona binamu yangu akirudishwa nyumbani kutoka ubatizoni, amelewa chakari, kalazwa kwenye toroli na kofia usoni.

"Komadre!" alipiga kelele. "Kwenye harusi, nani anayemuuliza mlevi anakwenda wapi?"

Siku ya harusi jua liliwaka kwelikweli. Tuliingia tangu alfajiri, wanawake wa Capulín na wa San Rafael pamoja, kwa mara ya kwanza tunachoma pilipili kwenye moto mmoja. Tulikoroga, tulipiga chafya, tulicheka bila sababu. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alijifanya hajui. Wageni walikuja na viatu vya kung'aa, wakala, wakarudia, wakaja jikoni kutubusu. Bendi ikaanza. Mezcal, pombe kali ya kwetu, ikazunguka. Mchana ulipoanza kulegea, baba wa bibi harusi alikuwa anacheza na meza.

Librada akanifinya. "Sasa."

Mle ndani ya bustani, wanawake sita walilizunguka jiwe na vitambaa vya meza, kana kwamba wanavikung'uta. Tukakishusha chungu cha maua, tukakiweka juu ya kigoda, kigoda tukakivalisha kitambaa mpaka chini. Kwa mbali ungeapa ni jiwe. Mashavu tukamlaza kwenye toroli chali, tukamfunika blanketi la mistari hadi kidevuni, tukamvika kofia pana ya Ponciano. Na hapo mimi nilitaka kufa. Maana yale mashavu manono, ule mdomo uliobinuka, yale macho ya jiwe yaliyoinuliwa mbinguni! Hapakuwa na mlevi aliyewahi kufanana na mlevi kiasi kile.

"Usinitazame, komadre," Librada alinong'ona, sauti ikimtetemeka. "Nikikutazama tumekwisha."

Akashika mpini mmoja, mimi mwingine, dada wawili wa San Rafael wakasaidia ubavuni, tukasukuma kupita katikati ya wachezaji. Ponciano na bendi wakatufuata nyuma, wanapiga polka kama nyumba inaungua.

Hatukuwa tumefika mbali, shangazi mmoja wa bibi harusi, mama mnene mwenye hereni ndefu, akatuzuia njia.

"Maskini! Huyu ni nani?"

"Mjomba, señora. Mjomba Rafael," Librada alisema huku anatazama angani.

"Amekunywa nini?"

"Kila kitu, señora."

Yule mama akainama, akambusu shavuni mwaa! Akainuka akijishika midomo. "Mbona wa baridi hivi?"

"Damu ya familia," nikasema mimi. Sijui ilitoka wapi.

"Mpeni supu ya mbuzi," shangazi aliagiza, akarudi kucheza.

Tukasukuma. Librada alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake, machozi yanamtiririka, na watu waliotuona walidhani anamlilia mjombake aliyepotea kwenye ulevi. Mzee mmoja alivua kofia. Tukakaribia lango, na langoni, akiwa amesimama anawaaga wageni, ni Señor Urrutia mwenyewe. Miwani yake ilikuwa imekaa kwenye paji la uso, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha onja mezcal ya kila meza.

"Mama Librada! Unaondoka? Na huyu je?"

Librada alifungua mdomo. Nilijua kitakachotoka si neno, ni kicheko, na kicheko hicho kingetumaliza wote. Ponciano naye alijua. Alisogea karibu, akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalia, akapuliza tuba kwa nguvu zote. Buuu! Kofia ya mlinzi ikatikisika.

"NASEMA, NI NANI?" Señor Urrutia alipaza sauti.

"MJOMBA! ANA HOMA YA SHEREHE!" Librada akajibu, na kicheko chote kikatokea humohumo ndani ya kelele, hakuna aliyekisikia ila mimi.

Señor Urrutia alimtazama Mashavu kwa huruma. Akainama. Akalivuta blanketi juu, akalichomeka vizuri pembeni mwa shingo, kama mama anavyomfunika mtoto. "Mfunikeni, jamani. Jioni hapa kuna upepo." Kisha akamwita mlinzi. "Wenceslao! Wasaidie kina mama na mzee huyu."

Na Wenceslao, kijana mwenye mabega mapana, akashika mipini yote miwili akasukuma mpaka nje ya lango, akahema, akasema, "Mzee wenu ana mifupa!"

Nje ya lango barabara inateremka. Mlinzi aliporudi tu, Librada aliachia. Alicheka kicheko alichokibana tangu asubuhi, nguvu zikamwisha, akakaa chini barabarani. Mimi nilikuwa nimekwisha kaa. Wale dada wawili walikuwa wamekumbatiana. Na toroli, bila kushikwa na mtu, likaanza kuondoka lenyewe.

"Mjomba anakwenda!" mmoja akapiga yowe.

Mjomba alikwenda. Kwanza polepole, kama mtu anayefikiria, halafu kwa nguvu. Kofia ikaruka. Ponciano akamkimbilia, tuba mwilini, miguu mirefu ikipiga huku na huku, kila hatua tuba ikitoa mlio, bup, bup, bup. Mashavu alipita katikati ya kuku wa doña Eufrasia, akapita kwenye kamba ya nguo zake, akaendelea na kamisi ya doña Eufrasia imemfunika uso, akaruka ukingo, akatumbukia kwenye mfereji wa maji. Ponciano hakuweza kusimama. Naye akatumbukia.

Tulipofika Ponciano alikuwa amekaa ndani ya maji, mkono mmoja juu ya kichwa cha jiwe, kamisi ya watu begani. Alitutazama kwa heshima. Akainua tuba, akapuliza ili aone kama bado ni nzima, na maji yote yaliyokuwa ndani yakamrukia Librada usoni, na pamoja na maji, chura.

Basi. Sitaeleza jinsi tulivyocheka, maana haielezeki. Librada aliteremka, au alianguka, mle mfereji, na wakawa wamekaa wote wawili majini, jiwe katikati yao, wanashindwa kupumua.

"Librada," Ponciano alisema alipoweza, "niruhusu nikuoe."

"Mimi? Niolewe na mtu anayefuga vyura kwenye tarumbeta?"

"Nitamhamisha."

"Na nani atamlipia doña Eufrasia kamisi yake?"

"Nitanunua kamisi. Librada, mimi sisemi mzaha. Nimekuwa nikipanda maharage pale mpakani kila mwaka, na ardhi ile haifai hata kwa maharage."

 Librada aliutia mkono majini, akajipangusa uso, akageuka kunitazama. Nikajifanya naangalia kuku.

"Nitafikiria nikikauka," alisema.

Watu walikuja na nyumbu na kamba. Jiwe lilitolewa kwenye mfereji likiwa na kasoro moja tu, ncha ya pua imemeguka, jambo lililozidi kumpa sura ya mtu aliyetoka kwenye ugomvi wa baa. Bendi ikamtangulia, wanawake wakabeba sufuria zilizobaki na mole, na kabla jua halijazama tulikuwa mpakani.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza upya. Shimo lilikuwa limeshazibwa na mvua, na mtu mmoja alikwisha pitisha plau. Wanaume wa Capulín wakasema jiwe lilikuwa kule, wakionyesha mbali ndani ya San Rafael. Wa San Rafael wakaonyesha karibu na jikoni kwangu. Ponciano, mwenye matone bado kwenye masharubu, akachukua jembe, akachimba pale alipodhani. Librada akachukua jembe jingine, akachimba pale alipodhani yeye. Wakachimba wakitukanana, kila mmoja akimsogelea mwenzake, mpaka majembe yakagongana, na mahali yalipogongana ukatoka udongo mweusi. Mkaa. Mkaa wa kale na vigae vya vyungu, vile vilivyofukiwa chini ya mawe ya mpaka zamani ili mwongo asiweze kudanganya.  Kisha tukashangilia vijiji vyote viwili kwa sauti moja, sijui tulikuwa tunamshangilia nani.

Mashavu akasimamishwa. Librada akaupangusa uso wake kwa mtandio uliolowa, akamgeukia Ponciano.

"Nimekauka," akasema. "Ndiyo. Ila mbuzi wanakuja nami."

Señor Urrutia alikuja kugundua baada ya siku kadhaa, mtunza bustani alipokwenda kumwagilia maua na kigoda kikaanguka. Alimpigia simu koplo wa polisi, Melitón, ambaye alikuja na baiskeli akatukuta Librada na mimi tunachambua maharage.

"Doña Librada, kuna jiwe limeibwa hotelini."

"Lipi, mwanangu?"

"La malaika."

"Lile pale." Librada akaonyesha kwa kidole. "Limesimama lilipowekwa na mababu. Limeibwaje?"

Melitón akalitazama jiwe kwa muda. Akavua kofia akajikuna. "Señor anasema lilikuwa kwake."

"Alilipataje?"

Melitón akarudi kuuliza. Nasikia kule hotelini mambo yalikuwa magumu zaidi. Ili kueleza jinsi jiwe lilivyotoka, ilibidi kwanza Wenceslao akiri kwamba yeye ndiye aliyelisukuma nje ya lango. Na Señor Urrutia akakumbuka blanketi. Wenceslao alitusimulia baadaye kwamba bwana alianza kucheka peke yake ofisini, akacheka mpaka miwani ikaanguka, akamwambia Melitón aende nyumbani akapumzike. Siku iliyofuata alikuja mwenyewe kwa miguu, bila gari, akamwomba radhi Librada mbele yetu sote, na Librada akampa sahani ya mole kwa sababu, alisema, mtu anayemfunika mlevi asiyemjua hawezi kuwa ameoza.

Ndoa ilifungwa Januari. Mapadri wawili walibishana nani mwenye haki, kila mmoja akisema bibi harusi alibatizwa kwake, na mwisho wakafungisha pamoja, pale pale mpakani, kila padri amesimama kwenye ardhi ya parokia yake. Wanavijiji walicheza kwenye shamba la maharage mpaka hakukubaki shina. Ponciano hakulalamika. Mabinti wa Librada walikuja na waume na watoto, wakamkuta mama yao amevaa gauni la manjano, anacheza na Melitón, anacheza na Señor Urrutia, anacheza na padri wa San Rafael, na kila wimbo ukiisha anakaa chini popote alipo, hoi.

Sasa wawili hao wanaishi kwa Librada msimu wa kiangazi na kwa Ponciano msimu wa mvua, kwa sababu paa la Librada linavuja na Ponciano hataki kupanda juu. Juzi Jumanne nilipita nikamkuta Librada ndiye yuko juu ya paa, na umri wote ule, miguu inaning'inia, misumari mdomoni, anagongelea mabati. Ponciano yuko chini ameshika ngazi, uso mweupe kwa hofu.

"Komadre," alinong'ona, "mwambie ashuke. Mimi hanisikii."

"Komadre!" nikaita. "Mumeo anasema ushuke!"

Librada akatema misumari kiganjani. "Mwambie mume wangu huku juu ninaona mpaka kanisa la Tepatitlán! Mwambie aache kushika ngazi, apande, kuna nafasi!"

Ponciano alinitazama. Akaitazama ngazi. Akavua kofia, akanikabidhi mimi niishike, na akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza.